MTOTO NAYE APATE PAHALI PAKE

Mazungumzo ya kikundi cha wazazi wa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka vijijini

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwanza laonekana dogo: chumba cha kulala cha mtoto, hasa kikiwa kidogo.

Huenda mwajiuliza, "Watu wa mjini wana lipi la kutufundisha juu ya nyumba, nasi tuna uwanja na shamba?" Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba shida ya nafasi imetubana sisi kuliko nyinyi, kwa hivyo imetubidi tuifikirie. Tena wengi wenu mna watoto waliokuja mjini kukaa kwa shangazi au kwa mjomba ili wasome. Je, mwajua wanalala wapi? Na hata huko kijijini, chumba cha watoto mara nyingi ndicho hicho hicho cha magunia ya mahindi, majembe, baiskeli na kuku anayeatamia. Basi tusikilizane, maanake jambo hili ni letu sote.

JINSI TULIVYOZINDUKA

Tutaanza na aibu yetu wenyewe. Mmoja wetu aliitwa shuleni kwa ajili ya mwanawe wa gredi ya tano. Mwalimu akamwambia, "Huyu kijana si mjinga, lakini ikifika saa nne asubuhi anasinzia. Kila siku." Baba akarudi nyumbani amekasirika. Alisema mtoto ni mvivu, na alikuwa karibu kumchapa. Nyanya wa yule mtoto akauliza neno moja tu: "Kwani huyu hulala saa ngapi?"

Hakuna aliyejua. Usiku ule wakamwangalia. Nyumba yao ni chumba cha kulala cha wazazi na kijisebule. Godoro la mtoto husimamishwa nyuma ya kiti mchana kutwa. Jioni marafiki wa baba huja, watu wakanywa kahawa, wakaangalia mpira, wakazungumza siasa. Mtoto alikuwa amekaa pembeni, kichwa kikimwanguka. Mgeni wa mwisho aliondoka saa tano na nusu, ndipo mtoto akatandika godoro lake. Saa kumi na moja alfajiri akaamshwa. Hesabuni wenyewe: saa tano na nusu za usingizi. Wataalamu hushauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kila siku.

Kumbe mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa hana pahali.

Baba yule alikuja kutuelezea mkutanoni huku macho ameyainamisha. Tulipoanza kusema kila mtu na kwake, tukaona hakuna wa kumcheka mwenzake. Mmoja, watoto wake walilala ujiani. Mwingine, binti yake alilala juu ya marobota ya mitumba ya biashara. Tukakubaliana kila mtu aende apime nyumba yake kwa futi, aandike kila kitu kilichomo na nafasi kinayochukua. Matokeo yalitushangaza. Friji lilikuwa na pahali pake. Cherehani ilikuwa na pahali pake. Kabati la vyombo vya wageni, vyombo ambavyo havijaguswa tangu harusi, lilikuwa na pahali pake, tena pazuri. Mtoto ndiye aliyepewa kilichobaki.

NYUMBA ZETU ZILIVYO

Kabla ya kusema tulifanya nini, yafaa mjue nyumba zenyewe. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, kama kilomita 14 za mraba hivi, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walikutwa humo watu zaidi ya 150,000. Kisiwa hakikui, watu ndio waongezekao.

Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene. Dari zake zimebebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Boriti haiwezi kuvuka mwanya mpana bila kupinda, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba: upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Zamani nyumba nzima ilikuwa ya ukoo mmoja. Siku hizi nyumba ile ile yaweza kukodishwa na familia kadhaa, kila moja na chumba chake au viwili. Ukienda Majengo, huko huko kisiwani, utaona nyumba za chini zenye ujia katikati na vyumba huku na huku, na mara nyingi chumba kimoja ndicho nyumba ya watu watano au sita. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo lina makao yake makuu Nairobi, husema watu wakizidi watatu kwa chumba kimoja, basi hapo pana msongamano. Kwa kipimo hicho, wengi wetu tumesongamana.

Lakini wazee waliojenga nyumba hizi hawakuwa wajinga. Walijua vyumba ni vyembamba, wakatumia akili. Ukutani walichonga zidaka, yaani vile vishubaka vya kuwekea vitu, ili vyombo visikae sakafuni. Nguo zilikaa kashani, na kasha lenyewe lilikuwa kiti. Vitanda vya wenye uwezo vilikuwa virefu, mtu akipanda kwa kigazi, na chini yake mkawekwa mizigo. Watoto walilala juu ya mikeka, na asubuhi mikeka ikakunjwa, chumba kikawa cheupe. Na mbele ya nyumba walijenga baraza, ili mgeni apokewe kwa heshima bila kuingia ndani na kuwasumbua wenye nyumba.

Methali yasema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulikuwa na milango mizuri ya nakshi, lakini ndani hatukuwa tumepaangalia.

HATUA YA KWANZA: TOENI KABLA YA KUPANGA

Kosa la watu wengi ni kukimbilia kununua kabati. Kabati nalo ni kitu, lataka nafasi. Sisi tulianza kwa kutoa. Kila mmoja alitoa kila kitu kilichokuwa katika pembe ya watoto, akakiweka uani, akakigawa mafungu matatu:

1. Vitu vinavyotumika kila siku au kila wiki. Hivi virudi.
2. Vitu vinavyotumika mara chache, kama mashuka ya wageni au sufuria kubwa za shughuli. Hivi viende juu kabisa au mvunguni.
3. Vitu vilivyokufa: redio mbovu, viatu vya mguu mmoja, nguo zilizowapita watoto, kiti cha miguu mitatu. Hivi viuzwe, wapewe wengine, au vitupwe.

Fungu la tatu ndilo gumu, kwa sababu kila kitu kina hadithi yake. Mama mmoja alikuwa na masanduku manne ya marehemu mamake. Tulikaa naye, akafungua moja moja, akalia kidogo, mwishowe akabaki na sanduku moja. Hatukumharakisha. Ndugu zetu, kazi hii msiifanye kwa kelele. Mtu na akiba zake ni jambo la moyoni.

Wenye biashara twawaambia hivi: gunia la viungo au robota la mitumba lina thamani, ndiyo, lakini lisilale na mtoto. Vumbi lake laingia kifuani. Sisi tulikodi stoo moja ndogo kwa pamoja, watu sita, kila mtu akachangia.

Na yule baba mwenye wageni je? Dawa yake haikugharimu hata shilingi. Aliwaambia rafiki zake, "Jamani, kuanzia leo kahawa ni barazani." Wakacheka, wakatoka. Ikifika saa tatu usiku sebule ni ya mtoto. Wazee walijenga baraza kwa kazi hiyo hiyo, sisi ndio tuliosahau.

HATUA YA PILI: CHUMBA KINA SAA ZAKE

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba nafasi si futi peke yake. Nafasi ni saa pia. Chumba kimoja chaweza kuwa sebule mchana, darasa jioni, na chumba cha kulala usiku, mradi kila mtu ajue saa zake na zifuatwe. Andikeni ratiba ya nyumba, ibandikeni ukutani. Kwa mfano, saa kumi na mbili hadi saa mbili na nusu jioni ni kusoma, televisheni imezimwa. Saa tatu magodoro yako chini. Asubuhi kila mtoto akunje tandiko lake mwenyewe kabla ya chai. Hata mtoto wa miaka mitano aweza kukunja mkeka.

HATUA YA TATU: HESABU YA FUTI

Sasa tuje kwenye vipimo. Tutawapa mfano mmoja wa kweli. Familia moja ilikuwa na chumba kimoja kirefu, upana futi 8. Mwisho wa chumba walikata kwa pazia pembe ya watoto ya futi 8 kwa 7. Hiyo ni futi 56 za mraba. Watoto ni watatu. Kila godoro lina futi 2 na nusu kwa 6, yaani futi 15 za mraba. Magodoro matatu sakafuni ni futi 45. Zilibaki futi 11 tu, nazo zilijaa nguo na mikoba ya shule. Mtoto akitaka kwenda msalani usiku huwakanyaga wenzake.

Tukakaa na fundi seremala. Akatengeneza kitanda cha orofa, cha juu na cha chini, na chini kabisa kitanda cha tatu kifupi chenye magurudumu, ambacho mchana husukumwa mvunguni. Mchana vitanda vyote vitatu huchukua futi zile 15 peke yake, na zabaki 41 za kuchezea na kusomea. Usiku kitanda cha tatu kikivutwa zabaki 26, na njia ya kupita ipo. Chumba hakikuongezeka hata inchi moja. Tulichofanya ni kuacha kutazama sakafu na kuanza kutazama juu.

Kama hamna uwezo wa kitanda kama hicho, yako mambo madogo ya kufanya:

Mvunguni. Inueni kitanda mlicho nacho kwa vitalu vinne vya mbao ngumu, kila kitalu kikiwa kimechimbwa tundu mguu wa kitanda usiteleze. Kitanda kilichoinuka futi 1 kikifika futi 2, mvungu wake umekuwa maradufu. Tieni humo masanduku ya katoni au vikapu vya ukili vyenye vishikio vya kamba, kila mtoto na chake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini akiwa na kamba ya kuvuta hainami sana.

Ukutani. Pigeni ubao mrefu wenye vigingi, kimoja cha mkoba, kimoja cha sare, kimoja cha taulo. Uwe kimo cha mtoto. Ukiwa kimo cha baba, mtoto atatupa nguo chini na mtamlaumu bure.

Juu ya mlango. Pale pana nafasi ambayo watu wengi hawaioni. Ubao mmoja wa futi 3 juu ya mlango hubeba mablanketi na vitu vya fungu la pili. Visiwe vizito, na ubao ufungwe imara.

Darini. Bibi zetu walikuwa na susu, kile kitu cha kamba cha kuning'inizia chakula kisifikiwe na paka. Susu hiyo hiyo hubeba mipira na vitu vya kuchezea vya watoto.

Rangi. Pakeni chokaa nyeupe. Chumba cheupe huonekana kikubwa, na mwanga kidogo wa dirishani hufika mbali.

Wale wa nyumba za mawe tuna onyo maalumu. Kuta za matumbawe na chokaa hazipendi misumari mikubwa, humeguka. Wala msizipige plasta ya saruji, kwa sababu saruji huzuia unyevu kutoka, ukuta ukaoza ndani kwa ndani. Tumieni zidaka zilizopo, na rafu za kusimama zenyewe sakafuni. Tena Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Anayetaka kubomoa au kujenga ukuta aende kwanza kuuliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa na ile ya kaunti. Mpangaji naye azungumze na mwenye nyumba kabla ya kugonga chochote.

WASICHANA NA WAVULANA

Hapa pana jambo ambalo watu huona haya kulizungumza, lakini sisi twalisema. Watoto wakikua, wasichana na wavulana wawe na malazi mbalimbali. Majirani zetu Waislamu wamefundishwa na dini yao kutenganisha malazi ya watoto wafikapo miaka kumi, na sisi Wakristo hekima hiyo twaikubali. Wakiwa na chumba kimoja, pazia zito lafaa, au rafu ndefu iliyosimamishwa katikati, upande mmoja ukifunguka kwa wasichana na mwingine kwa wavulana. Msichana aliyebaleghe apewe pahali pa kubadilishia nguo bila kutazamwa, na kisanduku chenye kufuli cha vitu vyake. Kufuli ndogo yampa mtoto heshima kubwa.

Tena, mgeni mkubwa asilazwe na watoto, hata awe ni ndugu. Akikosa pahali, tandikeni sebuleni, au ombeni kwa jirani. Wengi wetu tulilelewa kwamba mgeni hasemwi. Ni kweli, mgeni ana heshima yake, lakini mtoto asiwe ndiye anayeilipa. Tumeyaona machozi ya jambo hili, na hatutasema zaidi.

PAHALI PA KUSOMEA

Mtoto hahitaji meza kubwa. Ubao wa futi 2 kwa 1 na nusu, uliofungwa ukutani kwa bawaba na kushikwa kwa mnyororo, hufunguliwa jioni na kufungwa akimaliza. Kama ukuta haufai kupigwa, ubao uo huo aweza kuupakata akiwa ameketi mkekani. Kubwa ni mwanga. Taa iwe upande wa kushoto kwa mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisimfunike.

HATARI ZA KUEPUKA

Nafasi ndogo ina hatari zake, na hapa pia tunasema tuliyoyaona. Usiku mmoja umeme ulikatika, mtoto wa mmoja wetu akawasha mshumaa asomee nyuma ya pazia. Akasinzia. Pazia likashika moto. Majirani walimwagia maji na mchanga, na kwa rehema za Mungu aliungua mkono tu. Vichochoro vyetu ni vyembamba, gari la zimamoto halipiti kwa urahisi. Tangu siku ile tuna masharti haya:

1. Koroboi wala mshumaa usikaribie pazia, chandarua au kitanda. Taa ndogo ya jua ni bora, na kikundi chaweza kununua kwa zamu.
2. Jiko la makaa lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala, hata likiwa linafifia, hata kukiwa na baridi. Hewa yake haina harufu ya kukuonya, na huua watu wamelala.
3. Mtoto wa chini ya miaka 6 asilale kitanda cha juu. Kitanda cha juu kiwe na ukingo pande zote, upite godoro kwa shubiri moja. Mianya ya ukingo isizidi upana wa vidole vinne, asije akapenya. Ngazi ipigwe imara.
4. Kitanda wala sanduku lisiwekwe chini ya dirisha au karibu na roshani. Nyumba zetu ni za ghorofa, na mtoto hupanda chochote.
5. Rafu na kabati refu lifungwe nyuma lisimwangukie mtoto anayepanda.
6. Kila anayelala awe ndani ya chandarua chenye dawa. Kwa kitanda cha chini, chandarua chaweza kufungwa kwenye mbao za kitanda cha juu, lakini kichomekwe vizuri chini ya godoro. Akina mama wajawazito na wenye watoto wachanga waulize kliniki, kwa sababu vyandarua hutolewa huko.
7. Dirisha lifunguliwe kila siku. Chumba kilichofungwa na watu wengi ndani husambaza kikohozi, na hata kifua kikuu.
8. Magodoro yaanikwe juani kila wiki, na nyufa za mbao zimwagiwe maji ya moto. Kunguni hupenda kitanda kilichobanana na ukuta, kwa hivyo acheni mwanya kidogo.

Neno moja juu ya mbao. Hapa bandarini hupatikana mbao rahisi za vile vitako vya kuwekea mizigo ya meli. Ni nzuri, lakini tazameni muhuri uliochomwa juu yake. Ukiona herufi HT, mbao ilitibiwa kwa joto. Ukiona MB, ilipigwa dawa ya sumu, isiwe kitanda cha mtoto. Nyinyi wa vijijini mna bahati, mna mvinje na miti mingine yenu wenyewe.

KAZI YA KIKUNDI

Mtu mmoja mmoja asingeweza. Kitanda cha orofa ni pesa, na mishahara yetu mwaijua. Tulifanya kama mnavyofanya nyinyi katika michango yenu ya mzunguko, ila badala ya kumpa mwanachama fedha mkononi, tulimtengenezea kitanda. Kila mwezi mchango ulinunua mbao na misumari ya nyumba moja. Mbao tukazinunua kwa wingi, bei ikashuka. Fundi alitutengenezea kwa bei ya kikundi, na vijana wetu wawili wakajifunza kazi kwake. Siku ya kufunga kitanda wote twaenda, wengine wakipaka chokaa, wengine wakipika.

Swali la kwanza lilikuwa nani aanze. Tulikubaliana kutopiga kura wala kufuata urafiki. Tulianza na nyumba yenye watoto wengi kwa chumba kidogo zaidi, kwa kufuata vile vipimo tulivyoandika. Kwa sababu futi zilikuwa kwenye daftari, hakuna aliyenung'unika. Hili twawashauri sana: pimeni kwanza, ndipo mgawane.

Si yote yaliyofaulu. Kitanda cha kwanza kilikuwa kipana kuliko mlango, ikabidi kifunguliwe chote ngazini. Tangu hapo twapima mlango na ngazi kabla ya chumba. Mwanachama mmoja alihama kabla ya kumaliza michango yake, na kitanda akaenda nacho. Sasa kila anayepokea hutia sahihi mbele ya wote.

Tena twajua kwamba kitanda si nyumba. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makazi ya kutosha, na kifungu cha 53 chataja haki ya mtoto kupata makazi. Kwa hivyo twaendelea kuwauliza viongozi wetu. Lakini mtoto wa leo hawezi kungoja mpaka serikali imjengee. Atakuwa amekua.

KUMALIZIA

Mwatuuliza habari za yule kijana aliyesinzia? Hana chumba chake mpaka leo. Ana godoro lake pale pale sebuleni, kidaka kimoja cha ukutani ambacho ni chake peke yake, na saa tatu usiku ambayo hakuna anayeigusa. Katika kile kidaka ameweka vitabu, saa ya mezani na gari alilotengeneza kwa mikebe. Mwalimu hajamwita tena babake. Siku moja nyanya alitaka kuweka chupa ya mafuta mle kidakani. Kijana akasema kwa adabu, "Nyanya, naomba usiweke, hapo ni kwangu." Nyanya akaichukua chupa yake akaenda nayo jikoni.

Ndugu zetu, mkirudi nyumbani leo, tazameni pembe ya mtoto kabla ya kutazama kitu kingine.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, ni vitu gani vina pahali pazuri kuliko watoto?
2. Watoto wetu hulala saa ngapi, na nani huwachelewesha?
3. Watoto wetu walioko mjini wanalala wapi? Nani kati yetu ataenda kuona?
4. Wasichana na wavulana wetu wakubwa wana malazi mbalimbali? Kama hawana, twaweza kufanya nini mwezi huu bila pesa nyingi?
5. Kikundi chetu chaweza kupima nyumba za wanachama lini, na nani ataweka daftari?